Vuta kwa Nguvu

Mashine za brashi zilipoanza kunguruma, Yusta aliloweka kanga kuukuu kwenye ndoo, akaikamua, akaziba nayo upenyo wa chini ya mlango. Kisha akageuka kumtazama mwanawe. Faudhia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja amevikita magotini, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Hakuwa analia. Mtoto aliyebanwa na pumu halii, kwa sababu kilio nacho kinataka pumzi. Kila alipovuta hewa, kile kishimo cha chini ya koo kilibonyea ndani, na kifuani mwake ukatoka mluzi mwembamba, kama upepo unaopita kwenye tundu la bati.

"Nakuja, mwanangu. Usiogope."

Aliichukua pampu ya bluu kutoka kwenye kikombe cha miswaki, akaitikisa. Ilikuwa nyepesi mno. Akaichomeka kwenye tundu alilotoboa kitakoni mwa chupa ya plastiki ya maji, akamwekea mtoto mdomo wa chupa kati ya midomo, akabonyeza. Ukungu hafifu ukazagaa ndani ya chupa.

"Usivute. Pumua tu, kama umelala."

Faudhia akapumua, na ukungu ukamwingia kidogo kidogo. Yusta akabonyeza tena. Safari hii pampu ilitoa sauti tu. Ndani ya chupa hakukuonekana kitu. Akaitikisa, akabonyeza, akaitikisa. Sauti tupu.

Ile dozi moja ilitosha kwa asubuhi ile. Mabega ya mtoto yakashuka polepole, mluzi ukapungua, na rangi ikarudi kwenye kucha zake.

"Imeisha, mama?"

"Imebaki kidogo," alisema Yusta, akairudisha pampu kwenye kikombe.

Nyumba yao ilikuwa ya mstari wa mwisho katika kambi ya shamba la katani, upande wa Mkumbara, na ukuta wake wa nyuma ulitazamana na banda la brashi. Ndani ya banda hilo nyuzi kavu za katani zilichanwa na mashine mpaka zing'ae, na kilichochanwa kutoka kwenye nyuzi kiliruka hewani: vumbi jepesi la rangi ya maziwa yaliyochachuka. Vumbi hilo lilitua juu ya bati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya uji. Nyumba za mstari wa juu, zilizokuwa na miti na upepo safi, zilikaliwa na wasimamizi.

Yusta alizaliwa humo kambini. Babu yake aliletwa na garimoshi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Ubena, akazeeka akikata mkonge, akazikwa nyuma ya korona, kiwanda cha kukamulia mkonge. Mumewe Semboja, Mzigua wa Kwamsisi huko Handeni, naye alikuwa mkataji. Yusta mwenyewe alifanya kazi ndani ya banda la brashi, akilisha mashine mafungu ya nyuzi, na kwa bahati ambayo hakuielewa, vumbi lile halikumfanya kitu. Wenzake walikohoa, yeye aliimba. Alirudi nyumbani mweupe kama mtu wa kinu cha unga, akavua nguo za kazi nje ya mlango ndipo amshike mwanawe.

Faudhia aliwahi kukaa Kwamsisi kwa bibi yake, na muda wote aliokaa huko mluzi haukusikika hata mara moja. Alikimbia na mbuzi, akapanda miti. Kisha bibi akafariki, na mtoto akarudishwa kambini, kwa kuwa hewa safi peke yake hailei mtoto.

*

Siku hiyohiyo, mchana, Yusta alimbeba Faudhia mgongoni hadi zahanati ya shamba. Gregori, mganga wa zahanati, alikuwa mtu mpole aliyezungumza huku akifuta miwani yake kwa kona ya koti lake jeupe. Nyuma yake rafu ilijaa vijiboksi vyeupe, vimepangwa hadi darini.

"Shikamoo, dokta. Pampu imetuishia."

"Marahaba, mama Faudhia. Dawa ipo. Tena tele." Akashusha boksi moja, akatoa kidude cha duara, kikubwa kama kopo la mafuta ya kujipaka. "Ni msaada wa wale wazungu wanaonunua nyuzi zetu. Wamesikia kambini kuna watu wa pumu."

"Hii si kama ile yetu."

"Hapana. Ile ina gesi ndani. Ukibonyeza, gesi inaisukuma dawa, inatoka yenyewe, inakufuata. Hii ni ya unga. Haina gesi." Akasukuma kitufe, kidude kikalia *tak*. "Sasa unga upo tayari. Anaweka mdomo hapa, anavuta. Kwa nguvu na kwa haraka. Pumzi yake ndiyo inayounyanyua unga na kuupeleka chini kifuani."

Yusta alikitazama kidude, kisha akamtazama Gregori.

"Na kama pumzi ndiyo iliyokata?"

Gregori akafuta miwani.

"Tujaribu," alisema.

Faudhia aliweka midomo yake pale alipoonyeshwa, akavuta. Alikuwa na miaka mitano, na kifua chake kilikuwa bado kimechoka na mapambano ya asubuhi. Unga ulitoka kiasi, ukaishia kwenye ulimi. Akakunja uso.

"Tamu," alisema.

"Tena, mtoto mzuri. Kwa nguvu."

Akavuta tena, akakohoa. Unga mwingine ukabaki kwenye midomo.

"Akiwa mzima ataweza," alisema Gregori, sauti ikiwa chini.

"Akiwa mzima haihitaji, dokta."

Nje mtu alikuwa akifyeka majani.

"Nirudishie basi ile ya bluu."

"Haiji tena. Ofisi imefuta kuiagiza tangu msaada huu ulipofika. Wanasema kwa nini tununue kitu tulichopewa bure?"

"Basi niandikie cheti nikaichukue duka la dawa la Bharti, Korogwe, shamba lilipe. Si tunakatwa mshahara kwa ajili ya matibabu?"

"Cheti ni cha dawa isiyokuwepo, mama Faudhia. Hii ipo. Nikiandika kwamba dawa ya pumu haipo, watakuja hapa, watazame hiyo rafu, na mimi nitakuwa mwongo." Akavua miwani kabisa, na bila miwani alionekana kijana zaidi, na mwoga zaidi. "Nimewaambia. Nimewaambia mara nyingi kwamba kwa watoto haifai. Nimejibiwa kwamba mimi si daktari bingwa."

Akampa kile kidude. Yusta alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu kwa mtu, akasema asante.

*

Jumapili alikwenda Korogwe mjini. Duka la dawa la Bharti lilikuwa mtaa wa nyuma ya stendi, lenye harufu ya dettol na ubani. Bharti, mama wa makamo mwenye nywele zilizofungwa kwa utepe mweusi, alikipokea kile kidude, akakigeuzageuza chini ya taa.

"Hii si dawa mbaya," alisema. "Mimi mwenyewe natumia ya namna hii. Lakini mimi mtu mzima, na mimi navuta. Mtoto wa miaka mitano haiwezi. Akibanwa sawasawa, hata mtu mzima haiwezi."

Akakunja kidole gumba na cha shahada, akafanya duara.

"Tazama, dada. Njia ya hewa ni mrija, hivi. Pumu ikija, nyama ya nje ya mrija inakaza. Hivi. Na ndani mrija umevimba, umejaa makamasi." Duara likawa tundu dogo. "Ya bluu inalegeza ile nyama. Dakika chache tu, unaona mtoto anashusha mabega. Lakini uvimbe wa ndani uko palepale. Kesho vumbi likimgusa, anabanwa tena. Kwa uvimbe kuna hii."

Akafungua kabati la kioo, akaweka juu ya meza pampu mbili, moja ya bluu, moja ya kahawia.

"Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata kama anaruka kamba. Akishabanwa haimsaidii, usiitegemee. Kazi yake ni ya polepole. Lakini akiitumia vizuri, ile ya bluu utaisahau kwenye kikombe. Hajapewa hata mara moja?"

"Sijawahi kuiona."

Bharti akatikisa kichwa.

Yusta alizitazama pampu zile mbili juu ya kioo. Zilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuzifunika kwa kiganja kimoja. Lakini hakuwa na pesa ya kununua hata moja, na Bharti naye alijua. Ile pampu iliyoisha, yeye ndiye aliyeitoa, kwa huruma, siku Yusta alipofika dukani na mtoto anayehema. Na mtu hawezi kurudi kwenye huruma ileile kila mwezi kama anayekwenda kisimani.

"Shamba wakileta cheti, hata leo nakufungia zote mbili," alisema Bharti, akizirudisha kabatini taratibu, bila kumtazama. "Nenda kwa huyo bwana wa ustawi wa wafanyakazi kule shambani. Mwambie hivyohivyo nilivyokuambia."

*

Bwana wa ustawi aliitwa Valerian. Ofisi yake ilikuwa na feni, na picha ya wageni wa kizungu wakiwa wamejifunga vitenge, wameshika makatoni. Alimwacha Yusta asimame huku akimalizia simu, kisha akaonyesha kiti kwa kidevu.

Yusta alieleza. Alieleza mrija, alieleza gesi na unga, alieleza bluu na kahawia. Alikuwa ameyarudia njia nzima ili asikosee.

Valerian alinyoosha mkono. "Hebu lete."

Akakichukua kidude, akasukuma kitufe, akakitia mdomoni, akavuta mvuto mmoja mrefu. Akakirudisha mezani.

"Mbona rahisi?"

"Kwako, bosi. Wewe una kifua."

"Mama Faudhia, watu wazima kumi na kitu humu kambini wanatumia hii na wanashukuru. Wewe peke yako ndiye unayelalamika."

"Hao wanaweza kuvuta. Mtoto hawezi."

"Basi mfundishe. Mtoto anafundishwa kula, anafundishwa kuvaa viatu, atashindwaje kufundishwa kuvuta pumzi?" Akatabasamu, kana kwamba amesema jambo jema. "Wale waliotuletea msaada wanakuja kututembelea. Sitaki wafike hapa wasikie kwamba dawa zao ni mbovu."

"Sijasema ni mbovu, bosi."

"Ndivyo itakavyosikika."

Yusta aliinamisha macho. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafika, akasema na lile jingine. "Basi naomba tuhamishwe nyumba. Hata chumba kimoja tu, kule juu, mbali na vumbi."

"Nyumba za juu zina wenyewe."

"Ile ya pembeni iko tupu tangu mwaka jana."

"Ni ya wageni," alisema Valerian, na simu yake ikaita tena.

*

Basi Yusta akamfundisha. Alikata bua la jani la papai, akalisafisha, akamwambia Faudhia avute nalo kipande cha karatasi kutoka mezani, kikwame kwenye ncha, asikiangushe. Semboja alirudi kutoka shambani, mikono imechanwa na miiba ya mkonge, akawakuta wakicheza mchezo huo, akaketi kizingitini kutazama.

"Unamfundisha nini?"

"Kuvuta."

Siku nyingine Semboja alileta bua jipya, jembamba zaidi, akalikata mwenyewe kwa kisu chake cha kazi.

Siku za uzima Faudhia alivuta vizuri. Karatasi ilinasa kwenye bua, naye akazunguka nayo chumba kizima, macho yamemtoka kwa furaha, hadi alipoishiwa na pumzi akaiangusha na kucheka. "Nimeweza, mama! Umeona?" Na Yusta alisema ameona. Alianza hata kuamini kidogo, kama mtu anavyouamini ukuta ambao hana mwingine wa kuegemea.

Wageni walifika siku ya jua kali. Mashine zote ziliwashwa tangu alfajiri, hata ile mbovu, ili banda lionekane lina kazi. Vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba Yusta hakumwona vizuri mtu aliyesimama mbele yake. Hakumsikia jirani yake Elisha akimwita hadi Elisha alipomshika bega.

"Mtoto! Njoo, mtoto!"

Alikimbia na nguo za vumbi, hakukumbuka kuzivua. Faudhia alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, mdomo wazi. Mluzi haukuwepo. Hilo ndilo lililomtisha Yusta zaidi ya yote, kwamba mluzi haukuwepo, na kifua kilikuwa kinahangaika bila sauti, kama cha samaki aliyetupwa mchangani.

Akasukuma kitufe. *Tak.* Akamwekea mdomoni.

"Vuta, mwanangu. Kama karatasi. Vuta kwa nguvu."

Faudhia alimtazama. Alikuwa anaelewa, na alikuwa anajaribu. Yusta aliona shingo ikikaza, misuli ikisimama kama kamba. Unga haukunyanyuka. Ulibaki mdomoni mwa kidude, mweupe, mkavu, wa kutosha.

Dawa ilikuwepo. Pumzi ya kuivutia ndiyo haikuwepo.

Yusta akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyemfundisha. Akakitia kidude mdomoni mwake mwenyewe, akavuta, akausikia unga ukimpiga kooni, akaibandika midomo yake kwenye midomo ya mwanawe, akampulizia. Akasukuma tena, akavuta, akapuliza. Tena. Moyo wake yeye ukaanza kwenda mbio, vidole vikatetemeka, kifua chake kikafunguka kikawa kipana kama uwanja. Kifua cha mtoto kilibaki kimefungwa.

Akambeba mbio hadi zahanati. Gregori alimchoma mtoto sindano aliyokuwa nayo, akakimbilia simu. Gari la shamba lilikuwa linawatembeza wageni. Alimwita dereva, dereva akasema hadi aulize. Aliyepaswa kuulizwa alikuwa katikati ya hotuba. Elisha akaleta bodaboda. Yusta alipanda nyuma, mtoto katikati, Semboja akikimbia kutoka shambani akawaona tu wakiishia kwenye kona ya trekta za mkonge.

Walipoingia barabara ya lami, Yusta alihisi kichwa cha mwanawe kikilala mgongoni mwa dereva, kizito kwa namna ambayo mama anaitambua. Hakumwambia dereva. Alimwacha akimbize pikipiki hadi Korogwe, akipiga honi njia nzima.

*

Walimzika Kwamsisi, kando ya bibi yake, mahali ambapo upepo ulikuwa unavuma kutoka mashambani bila vumbi lolote. Shamba lilitoa sanda na gunia la mchele. Valerian alifika kwenye msiba, akaketi kwenye mkeka na wanaume wengine, akamwambia Semboja kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba inasikitisha sana, maana imebainika mtoto hakutumia dawa ipasavyo. Ofisi imelitazama jambo hilo kwa uzito, alisema. Itachukua hatua.

Hatua ilikuwa semina. Walileta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, dada mwenye sauti nzuri na viatu vyeupe, na wanawake wote wa kambi wakaruhusiwa kuacha kazi asubuhi ile wakakae kwenye mabenchi ndani ya banda la brashi, mashine zikiwa zimezimwa. Kwa mara ya kwanza Yusta aliona mwisho wa banda kutoka mahali alipoketi. Walimweka mstari wa mbele. Mpiga picha alikuwa amekwishasimama.

Mkufunzi aliwaonyesha michoro, kisha akainua kidude cha duara.

"Tatizo si dawa," alisema kwa upole. "Dawa ni nzuri, tena ni ya kisasa kuliko zile za gesi. Tatizo letu akina mama ni matumizi. Nani atakuja atuonyeshe?"

Hakuna aliyeinuka. Mkufunzi hakujua chochote. Alimwona tu mwanamke wa mbele, akamnyooshea mkono. "Karibu, mama."

Yusta alimtafuta Gregori. Gregori alikuwa mlangoni, miwani mkononi, anaifuta. Valerian aliitikia kwa kichwa: nenda.

Alinyanyuka. Akasukuma kitufe. *Tak.*

"Kwanza toa pumzi yote nje. Vizuri. Sasa weka mdomoni. Vuta, kwa nguvu na kwa haraka!"

Yusta alivuta. Alikuwa na mapafu ya babu yake manamba, mapafu ambayo hayakuwahi kumsaliti, na unga wote ukaingia, haukubaki hata chembe.

"Mmeona?" Mkufunzi alishangilia. "Mmeona, akina mama? Hivyo ndivyo inavyotakiwa! Mpigieni makofi!"

Wanawake walitazamana. Valerian akaanza kupiga makofi, na msimamizi wa banda akafuata, na mwisho mabenchi yote yakapiga, moja moja, kama mvua inayoanza bila kutaka.

"Usiitoe bado, mama," alisema mkufunzi, akiinua vidole vyake mbele ya kamera. "Izuie ndani, ili dawa itue. Nahesabu hadi kumi. Moja. Mbili. Tatu."

Yusta aliizuia. Makofi yakaisha. Hesabu ikafika kumi.

"Haya, sasa toa."

Hakuitoa.

"Toa, mama. Imetosha."

Alisimama hivyohivyo mbele yao, midomo imefungwa, kifua kimejaa, na mpiga picha akasogea hatua moja karibu ili ampate vizuri.